Mikebe Mitatu Nyuma ya Gunia

Mpaka leo mvua ikianza kudondoka juu ya mabati, ile ya matone machache kabla haijaamua kunyesha, mimi husikia kahawa. Nasikia punje zikimwagwa mezani kutoka kwenye karai, kisha mikono ya wanawake ikizitandaza, na kabla sijafumbua macho niko tena ndani ya stoo ile ya shamba la mzungu nje ya Kitale, mtoto mgongoni na umande miguuni. Wajukuu wangu hapa karibu na Kibabii huambiana nyanya amelala, msimsumbue. Mimi huwaacha waseme, kwa maana huko niliko si kubaya.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vile vikubwa, wakati wanaume waliorudi kutoka Burma walikuwa bado wanalima wamevaa makoti ya jeshi. Mume wangu aliendesha trekta. Mimi niliajiriwa stoo pamoja na wanawake wengine kuchambua kahawa. Ilikauka kwanza huko nje kwenye vitanda vya waya, kisha ikaletwa ndani ikiwa na ganda lake jembamba, jeupe-jeupe kama maziwa yaliyokaa. Iliporundikwa juu ya meza ndefu ya mbao, tuliketi pande zote mbili tukaitafuta ile mbaya. Kulikuwa na punje zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, lakini adui wetu hasa alikuwa punje nyeusi. Nyeupe tulizisukuma mbele zikaanguka kwenye gunia, na nyeusi tukazitupa kwenye mkebe ulio karibu na goti.

Ukishazoea kazi ile, macho hayana shughuli tena. Punje nyeusi ni nyepesi na ganda lake limechakaa, na vidole vinaitambua vyenyewe. Asubuhi za Kitale ukungu ulishuka kutoka Mlima Elgon ukafika mpaka mlangoni, ukaingia hata ndani, ukakaa chini ya meza na kutulamba miguu. Hakuna aliyezungumza saa hizo. Tulichambua nusu usingizini. Nimewahi kuota ndoto nzima pale, yenye mto na marehemu mama yangu akifua nguo za mtu nisiyemjua, na nilipozinduka mikono yangu ilikuwa imemaliza rundo lote bila kukosea. Nikaona haya kidogo, nikavuta rundo lingine.

Tuliketi tumechanganyika. Walikuwapo wasichana ambao hawajaolewa, tulikuwapo sisi wenye watoto mgongoni, na walikuwapo wale waliokula chumvi, wenye wajukuu tayari. Hakuna aliyetupanga. Ni kwamba msichana akija mgeni alikalishwa kando ya mama mzee ili ajifunze kwa kutazama mikono, na akishajifunza hahami. Kwa hiyo kila mzee alikuwa na kijana huku na kijana huku.

Wangu alikuwa mjane kutoka Kabuchai. Nilimwita kukhu, ndivyo tunavyowaita nyanya zetu huko kwetu, ingawa hakuwa wa ukoo wangu. Yeye aliniita mayi, yaani mama, jinsi wazee wanavyomwita mtoto wa kike wakimpenda. Upande wake wa pili aliketi msichana mrefu kutoka milimani, Kapsokwony, mwenye tabia ya kuimba kwa sauti ya chini bila kujua kwamba anaimba. Kukhu alikuwa na macho yaliyoanza kuota utando, lakini vidole vyake vilikuwa vizima. Alipenda ugoro. Aliufunga kwenye kona ya leso, fundo dogo gumu, na kila mara alilifungua na kulifunga tena kama mtu anayehesabu dakika kwa mkono.

Mama yangu alikufa kabla sijajifungua. Kukhu ndiye aliyenikanda tumbo kwa maji moto, akamwogesha mtoto wangu wa kwanza kwenye karai, akanifundisha kumfunga mgongoni ili nipate kuinama mezani. Nilimpenda. Nasema hivyo wazi kwa sababu siku zile sikuwahi kumwambia, na mimi mdomo ninao, si kwamba sina.

Sasa, stoo ile ilikuwa na ugonjwa. Kila mtu alijua watu wa rika lingine wanasema nini juu ya rika lake, na hakuna aliyewahi kuwasikia wakisema. Wazee walijua kwamba sisi tunasema wamechoka, wanakula posho ya bure. Mkate ukigawanywa, kukhu alichukua kipande kidogo kabisa na kusema, najua mnavyotuhesabia. Wasichana walijua kwamba tunawaona malaya watarajiwa, wanaowaza soko la Kitale na vijana wa baiskeli. Na mimi? Mimi nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba wote wanatuona sisi wenye watoto kuwa nusu wafanyakazi. Ati mkono mmoja kwenye kahawa, mwingine kwenye titi. Mtu akikohoa wakati ninanyonyesha, nilisikia matusi.

Siku moja msichana wa Kapsokwony alisogea kwenye benchi nipate nafasi ya kumnyonyesha mtoto. Alisogea tu, maskini, huku anaimba. Nilimrukia. Nilimuuliza kama mtoto wangu ananuka. Nilimwambia naye atazaa siku moja, na atajua. Akalia. Wasichana wenzake wakaingilia, wazee wakasema na sisi je, tukae kimya kwa kuwa tumezeeka, na stoo nzima ikawaka moto. Kahawa ilimwagika sakafuni tukaikanyaga.

Nyapara wetu alikuwa mtu wa kupenda amani, na kelele za wanawake zilimpa homa. Alizipeleka kwa mwenye shamba. Mwenye shamba akasema dawa ni nyepesi: meza tatu. Wasichana kivyao, wenye watoto kivyao, wazee kivyao, nao wazee wakae kule nyuma karibu na mlango wa baridi. Nyapara alituletea habari hiyo huku anatazama viatu vyake.

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kila gunia lilipimwa jioni. Tukiwa tumechanganyika, gunia lilikuwa la meza nzima. Wazee wakitengwa, gunia lao lingesimama peke yake, dogo, na mwenye shamba angeliona. Asiye na kazi stoo hakuwa na chumba kambini. Kukhu angerudi Kabuchai kwa shemeji zake, na mimi ningebaki na nani? Nilijilaani usiku na mchana kwa mdomo wangu. Kukhu mwenyewe alifunga na kufungua fundo lake la ugoro.

Hapo ndipo alipotokea dada wa yule mzungu mwenye shamba. Alikuja kutoka kwao kumtembelea kaka yake, mwanamke mrefu mwenye kofia ya majani, aliyesema huko kwao alikuwa akienda kwenye viwanda kuwauliza wafanyakazi mambo. Alipoisikia habari ya meza tatu alimwambia kaka yake asubiri kwanza, maana haifai kutibu bila kupima. Basi akaja kukaa nasi. Alijaribu hata kuchambua. Alikuwa akiinua punje moja-moja kwenye mwanga wa dirisha, anaigeuza, anaifikiria, na rundo lake halikupungua. Tulicheka, naye akacheka, na kwa kweli nilianza kumzoea.

Swali lake ndilo lililotushinda. Nyapara alilitafsiri asubuhi yote, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Hakutaka kujua sisi tunawaonaje wengine. Alitaka kujua sisi tunafikiri wengine wanatuonaje, sisi na wenzetu wa umri wetu. Mama mmoja aliyeketi mwisho wa meza akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole kabisa kwa nini basi wasiulizwe hao wengine wenyewe. Tukakubaliana naye wote. Nyapara alianza upya. Aliwagawa wasichana huku na wazee kule, akamshika msichana mmoja bega akasema, huyu anafikiri wale wanamfikiria nini, na tulipomaliza kucheka wengi wetu tulikuwa tumeelewa. Nilidhani tumeelewa wote.

Alipima kwa kahawa, kwa sababu kuandika hatukujua na mbele ya watu tusingesema. Nyuma ya stoo palikuwa na chumba kidogo cha kuwekea vifaa, kisicho na dirisha. Akaning'iniza gunia mlangoni, ndani akaweka kibao na mikebe mitatu iliyofungwa vitambaa: chekundu cha wasichana, cha buluu chetu, cheupe cha wazee. Kando palikuwa na karai lenye punje nyeupe na nyeusi zimechanganywa. Uingie peke yako. Kwa kila jambo alilouliza, kama wanatuona ni wachapakazi, kama wanatuona tuna akili, kama wanatuona ni watu wa kuaminiwa, utie punje moja kwenye mkebe wa rika lako. Ukifikiri wanakuona vizuri, nyeupe. Ukifikiri wanakudharau, nyeusi. Yeye mwenyewe atakaa nje, mgongo kwa gunia, asimwone mtu.

Wazee walisema watoto watangulie, ikiwa ni uchawi uwapate wenye nguvu. Wasichana wakaingia, wakatoka wameinamisha nyuso. Kisha sisi.

Mle ndani kulikuwa na giza zuri. Gunia lilipitisha mwanga mwembamba wa vumbi, na sauti za nje zilikuwa mbali, kama unazisikia ukiwa ndani ya maji. Mtoto alikuwa amelala mgongoni. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jambo lile maishani. Nilichagua nyeusi. Kila swali nilichagua nyeusi, nikaiangusha kwenye mkebe wa buluu nikaisikiliza inavyolia ikigonga bati, na kila moja iliponitoka nilihisi mwepesi zaidi, mpaka nikatamani maswali yaongezwe. Nilipotoka sikumtazama mtu usoni.

Wazee waliingia mmoja baada ya mwingine, kukhu akawa wa mwisho kabisa. Alikaa sana. Nyapara akatania kwamba mama mzee ameona pazuri, amelala. Alipotoka alikuwa anafunga kona ya leso yake, polepole, na nikafikiri alisimama kuvuta ugoro kidogo mahali pa faragha. Akapita akaketi mahali pake, karibu yangu, akaweka mikono mapajani. Ilikuwa mara ya kwanza kuona mikono ile haifanyi kitu.

Ndipo nyapara, kwa furaha ya mtu anayeona mwisho wa taabu yake, akatueleza jambo ambalo alipaswa kutueleza mapema. Mikebe ikiwa na nyeusi nyingi, alisema, basi ni kweli tunaumizana tukiketi pamoja, na mzungu atagawa meza Jumatatu. Ikiwa na nyeupe, mambo yabaki.

Nilitaka kusimama niseme ngojeni, nirudie. Nilimtazama kukhu kwa pembe ya jicho. Nilikuwa nimemfukuza mara mbili, mara ya kwanza kwa mdomo wangu na sasa kwa vidole vyangu. Yule mgeni mwenye kofia alichukua mkebe wa kitambaa chekundu akaumwaga mezani.

Nyeupe. Akaumwaga wa buluu, wetu, na ulikuwa mweupe vilevile. Wa wazee, mweupe. Punje chache tu kila rundo, safi, kama zimekwisha kuchambuliwa. Aliupindua mkebe wa mwisho akaugonga kitako, akachungulia ndani, akakunja uso. Kisha akatabasamu kwa adabu, maana utafanyaje, ndiyo yaliyotoka. Nyapara alipiga makofi peke yake.

Mimi nilitazama lile rundo letu nikashikwa na bumbuazi. Zangu ziko wapi? Nilifikiri pengine nilikosea mkebe, pengine niliota, kwa maana pale kuota ilikuwa kawaida yangu. Halafu nikajiambia kwamba nyeusi zangu ziliangukia mahali pengine, na hizi ni za wenzangu, na kumbe wenzangu wote wanajua wanaheshimiwa. Ni mimi tu mwenye mdudu kichwani. Nikainua macho niwaone hao wenye bahati, na kila mtu alikuwa anatazama meza. Hata msichana wa Kapsokwony alikuwa ameacha kuimba.

Meza hazikugawanywa. Dada wa mzungu akarudi kwao. Na stoo, usiniulize vipi, ikapoa. Mimi nilianza kujizuia. Mtu akikohoa nilijiambia, huyo ana kikohozi. Nilimwomba msichana wa Kapsokwony msamaha kwa kumletea viazi vya kuchoma, naye alikula akanifundisha maneno ya wimbo wake, ambao kumbe ulikuwa juu ya ndama. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nitoke kwetu. Asubuhi ukungu uliingia, punje zikanyesha mezani, na nilihisi tumefichwa wote ndani ya kitu laini ambacho hakina haraka.

Kukhu hakufurahi nasi. Mtoto wangu alipomwita alimchukua, akambeba mgongoni, lakini mimi hakuniita mayi tena mara nyingi. Na kabla msimu haujaisha akaniambia anakwenda nyumbani. Macho yamechoka, alisema.

Nilikasirika vibaya. Tulikuwa tumeshinda, mahali pake papo, chumba chake kipo, hakuna aliyemgusa, halafu anaondoka mwenyewe? Nilimwambia nani sasa atamwogesha mtoto nitakayemzaa baada ya huyu. Nilimwambia mengi. Yeye alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Ni vizuri mtu aondoke kabla hajaambiwa." Nilimbebea chungu chake mpaka barabarani, lori likaja, nikampandisha, na sikumpungia mkono. Nilitembea kurudi stoo nikilia kwa hasira.

Mwishoni mwa mavuno nilipata ruhusa kwenda kuwaona watu wangu upande wa Bungoma. Nilipanda lori la Mhindi aliyekuwa akinunua mahindi, tukavuka mito na vumbi, mtoto akilala na kuamka, na mbele ya soko moja nilimgongea dereva asimame. Sikuwa nimepanga. Niliona yale mawe makubwa ya Kabuchai yametulia juani na miguu ikashuka yenyewe.

Nilimkuta kukhu nyuma ya nyumba ya shemeji yake, anapukuchua mahindi. Alijua ni mimi kabla sijasema, kwa hatua zangu. Akanipa kigoda, akanipa uji, akampapasa mtoto miguu kuona amekua kiasi gani. Tulikaa mchana ule tukizungumza juu ya kuku. Kisha akaingia ndani, akarudi na leso ile ya stoo, na kona yake ilikuwa bado imefungwa fundo, kubwa kuliko fundo la ugoro. Akalifungua mapajani.

Zilikuwa punje nyeusi. Konzi nzima na zaidi, zimekauka, zinang'aa kidogo kwa kushikwashikwa.

Niliuliza ni nini, ingawa nilijua.

"Nilipoingia mle ndani nilitia mkono kwenye mikebe," alisema. "Yote mitatu, nyeusi, na nyeupe chache tu katikati. Rangi za vitambaa sikuziona, lakini nyeusi naijua. Nikasema, kumbe watoto wetu wanatuona hivi. Wasichana, na wewe pia. Hata wazee wenzangu wamekubali. Nikazitoa zote. Sikutaka mgeni aone mnavyotusema."

Ndege walikuwa wanapiga kelele kwenye mahindi. Mwanamke huyu aliingia gizani akakuta, kama alivyoamini, hukumu yake mwenyewe imeandikwa na watoto aliowaogesha, na alichofanya ni kutuficha aibu yetu. Akaifunga kwenye leso. Akaja akaketi kando yangu. Kisha akaondoka ili tusilazimike kumwambia.

"Kukhu," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto. "Swali halikuwa hilo."

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya kuliko nyapara, nikarudia, nikaanza tena, nikishika punje moja-moja. Hakuna aliyeulizwa habari za wazee isipokuwa wazee. Kila mtu alijitilia mwenyewe. Hizi za mkebe wa kitambaa chekundu ni za wasichana, walidhani tunawaona malaya. Hizi za wazee, ni wale wenzake wakifikiri kama yeye. Na hizi zingine ni zetu. "Mimi nilitia nyeusi tupu," nikasema. "Nilidhani mnaniona nusu mtu. Wewe pia. Wewe hasa."

Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya punje, vinazigusa, kana kwamba kwa kuzigusa angejua ipi ni ya nani.

"Hata nyinyi?" akauliza.

"Hata sisi."

"Na yule mtoto anayeimba?"

"Naye."

Akaanza kucheka. Alicheka kimyakimya kwanza, mabega tu, kisha kwa sauti, mpaka machozi yakamtoka akayafuta kwa leso na punje zikamwagika kwenye majani. Mimi nilikuwa nalia, sioni haya kusema, nililia kwa namna ambayo sikulia hata mama yangu alipokufa. Alinivuta kichwa akakiweka begani. Akasema, mayi, nilikuwa nikikuona unavyokimbia kumnyonyesha mtoto na kurudi na kukimbia tena, nikawa najiuliza huyu Mungu amempa mikono ya nani. Akasema alikuwa akimwambia kila mtu kambini. Kila mtu, isipokuwa mimi.

Tuliziokota. Kuzitupa kulionekana vibaya, na kuziweka vibaya zaidi, basi akasema tuzinywe. Tulizitwanga kwenye kinu kutoa maganda, tukazikaanga kwenye kigae, zikatoa moshi na harufu iliyowaleta watoto wa boma lote. Miaka yote ile stoo, hakuna kati yetu aliyewahi kuonja kahawa. Ilikuwa ya kwenda kwenye gari-moshi, basi. Tulikunywa kwenye vikombe vya bati bila sukari. Kukhu alimeza, akakaa akifikiria, akauliza kama hiki ndicho wazungu wanachovukia bahari.

Jua liliposhuka nyuma ya mawe, akaniuliza jambo akiwa amenipa mgongo, anaosha kikombe ambacho kilikuwa kimekwisha kuoshwa. Aliuliza mahali pake mezani ameketi nani.

Nilimwambia hakuna. Nyapara alileta watu mara kadhaa, lakini msichana wa Kapsokwony aliweka shali yake pale kwenye benchi, na kila akija mtu alisema pana mwenyewe, huku akiendelea kuimba. Chumba kambini nacho kilikuwa kitupu, ila kuku wa nyapara walikuwa wameanza kulala humo. Kukhu alikitundika kikombe.

Asubuhi kulikuwa na ukungu, ule wa Kabuchai ambao ni mwepesi kuliko wetu wa Kitale na hukatika mapema. Nilitoka nje kumtafuta nimuage, mtoto bado ana usingizi begani. Alikuwa ameketi juu ya jiwe karibu na njia, amevaa, chungu chake kimefungwa kamba. Leso ilikuwa imefuliwa, na kona yake haikuwa na fundo.

"Mayi," alisema, "lori la kurudi Kitale hupita saa ngapi?"